Mara Saba, Moja kwa Udongo

Nyumba ya kwanza niliyonunua maishani ilikuwa na vyumba viwili, na mbwa wangu hakuruhusiwa kuingia hata kimoja. Nyumba na mbwa nilivipata katika juma moja, na nusura nivipoteze vyote kwa saa moja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa mchanjaji wa ng'ombe. Tulizunguka mashamba ya walowezi na maboma ya wafugaji, kutoka Subukia mpaka Olenguruone, na masanduku ya dawa na sindano za kuchemshwa. Nililala katika mahema, katika maghala ya pareto, juu ya magunia ya ngano. Mali yangu yote ilienea katika sanduku moja la bati. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Asubuhi ya kuondoka mahali ilinipa furaha ambayo sikuwahi kuipata jioni ya kufika.

Lakini nilikuwa nimevuka thelathini. Mara mbili mwaka ule nilirudi Nakuru nikakuta chumba nilichopanga kimepewa mtu mwingine, na sanduku langu limewekwa nje ukutani. Ilikuwa miaka ya ukame. Ziwa lilikuwa limekauka, na upepo wa mchana ulileta magadi mjini, ukayamwaga juu ya kila kitu kama unga. Nikiwa nalipangusa sanduku mara ya pili niliona kwamba kutembea hakujanichosha. Kilichonichosha ni kurudi mahali ambapo hakuna mtu aliyejua kuwa nimerudi.

Nikasikia kwamba kuna mjane anauza nyumba upande wa chini wa mji, katika mtaa wa Waislamu. Mumewe alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara kupika kwenye kambi za reli, akajenga nyumba mbili za udongo na mabati zikitazamana katika ua mmoja. Mjane alikaa katika moja. Ya pili ndiyo aliyouza, na kwa kuwa mnunuzi angekuwa jirani wa mlango kwa mlango, alimchagua kama mtu anavyochagua mkwe. Wawili walikuwa wamekwisha kukataliwa. Mmoja alikohoa bila kuziba mdomo. Wa pili alisifia nyumba mno.

Alinipa kahawa chungu akaniangalia nikinywa.

"Wewe mwanangu, ni mtu wa kukaa au mtu wa kupita?"

"Wa kukaa, mama," nikajibu haraka.

Akatikisa kichwa polepole. Hata hivyo tukapatana kwamba Ijumaa, watu wakitoka msikitini, shemeji yake ambaye ni fundi cherehani angekuja na mashahidi tuandikiane.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu nilipelekwa Kabazi.

Katika shamba moja huko tulimkuta mbwa amelala kwenye baraza ya nyumba tupu. Mwenye shamba alikuwa ameuza ng'ombe wake akarudi kwao ng'ambo, na mbwa hakuambiwa. Alikuwa mkubwa, rangi ya majani makavu, sikio moja limepasuka. Kulikuwa na habari za kichaa cha mbwa upande ule, na amri ilikuwa kwamba mbwa yeyote asiye na mwenyewe apigwe risasi. Askari aliyefuatana nasi alikuwa ameshaketi chini ya ngazi, anapangusa bunduki.

Mpishi wa zamani wa nyumba ile, mzee mwenye aproni iliyobaki nyuzi, ndiye aliyekuwa akimlisha kwa siri.

"Kazi yake ilikuwa kutubwekea sisi," aliniambia. "Miaka yote hiyo, kila asubuhi nikija kuwasha jiko, ananibwekea kama mwizi. Sasa angalia anavyonilamba miguu. Njaa ni mwalimu, bwana."

"Alikuuma?"

"Mara moja. Hapa." Akanionyesha kovu kwenye shavu la mguu, karibu kwa fahari. "Mchukue kabla sijakumbuka vizuri."

Sijui kwa nini nilimchukua. Labda ni vile alivyotazama barabara kila gari lilipopita, halafu akarudisha kichwa chini. Niliujua mtazamo ule. Nilimwendea askari nikamwambia mbwa ana mwenyewe.

"Mwenyewe iko wapi?"

"Ni mimi."

Askari akacheka mpaka akaweka bunduki chini. "Wewe? Wewe iko na nyumba, au iko na sanduku tu? Mimi najua wewe. Mbwa lazima iwe na kibati shingoni, na kibati lazima iandikwe mbwa inakaa wapi."

"Nina nyumba Nakuru."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

Akahesabu kwa vidole. "Leo ni Jumatano, bwana. Basi Jumatatu mimi nakuja mjini kuangalia. Kama hakuna nyumba, hakuna mbwa."

Nilimdunga mbwa sindano ya kinga mwenyewe, mpishi akimshika kichwa na kumtukana kwa upole. Hakuna aliyeweza kulitamka jina lake la Kizungu, kwa hiyo tukamwita "Wewe," akaitika.

Ijumaa mchana nilifika kwenye ua ule nimevaa koti, mbwa nyuma yangu kwa kamba. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumweleza mama, lakini nilikuta shemeji na mashahidi wawili wameshaketi mkekani na karatasi imekunjuliwa. Nikaona aibu kuanza na habari za mbwa mbele ya wazee. Nikamfunga kwenye nguzo ya lango, nyuma ya ukuta, nikajiambia nitasema baada ya kutia sahihi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Fundi alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole kilichozoea mshono. Alikuwa amefika kwenye mipaka ya kiwanja mama alipotoa ukelele mdogo. Mbwa alikuwa ametafuna kamba. Alisimama katikati ya ua, akinywa maji kwa kelele kutoka katika tasa la shaba lililowekwa karibu na mlango kwa ajili ya wazee kutawadhia alasiri. Tasa lile marehemu mumewe alikuja nalo kutoka pwani.

Nami nikafanya kosa la pili. Nilimkimbilia mbwa, nikamwaga yale maji, nikalisuuza tasa mara moja kwa mkono, nikaliweka pale pale, kisha nikatabasamu, kama mtu aliyeokota kijiko kilichoanguka.

Hakuna aliyetabasamu. Fundi akakunja karatasi mara mbili na kuitia mfukoni.

"Shemeji," alimwambia mama, "huyu ni mtu wa mbwa. Tutafute mwingine."

Niliyaona yote kwa mara moja: sanduku nje ukutani, askari akishuka kutoka kwenye lori Jumatatu. Nikasema sikujua, na kwamba sisi kwetu mbwa hulala jikoni. Shahidi mmoja akaguna, "Jikoni!"

Mama peke yake hakukasirika. Alisogeza kigoda akaketi mlangoni.

"Hukujua, sasa utajua. Chombo alichonywea mbwa huoshwa mara saba, mwanangu. Mara moja kwa udongo. Anza."

Nikavua koti. Nikachuchumaa na kuchota udongo wa ua ule, udongo wetu wa Nakuru, mwepesi kama jivu, nikasugua nao tasa ndani na nje, kisha nikamimina maji. Mama alihesabu kwa sauti, na kati ya hesabu na hesabu akaniuliza.

"Moja. Mbwa wa nani?"

"Wangu."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Mbili. Kwa nini hukuniambia ulipoingia?"

"Niliogopa utaninyima nyumba."

"Ningekunyima. Tatu. Ukikosa nyumba, mbwa atakuwaje?"

"Atapigwa risasi."

Mashahidi wakatazamana. Hata fundi aligeuza uso. Mama akaniachia nisugue kwa muda.

"Nne. Ukienda huko kwenye ng'ombe wako, nani atamlisha?"

Nilikuwa sijafikiria. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuwa na kitu kinachobaki nyuma. Nilitaka kumwambia kwamba nitaacha safari, na maneno yalikuwa mdomoni, yale yale ya haraka ya siku ya kahawa.

"Sijui, mama," nikasema. "Kusema kweli hata sijui kama ni mtu wa kukaa."

"Tano," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Ulikunywa kahawa umekaa ukingoni mwa kiti. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Ya sita na ya saba alizihesabu bila swali. Kisha akalichukua tasa, akaligeuza mwangani, akampa fundi alitazame.

"Shemeji, mbwa wa kulinda ana ruhusa yake katika dini, unajua kuliko mimi. Atakaa langoni, na chombo chake. Kizingiti asikivuke, cha huyu wala changu." Akanigeukia. "Simgusi. Lakini njaa yake nitaiona, na chakula nitamrushia. Sharti ni moja. Kila Jumamosi uwe hapa. Usinifanye mimi kuwa mama wa mbwa."

Fundi akaitoa karatasi, akaikunjua juu ya goti. Jumatatu askari alikuja, akatazama mabati, akatazama mbwa, akaomba chai.

Nilishika sharti kwa miezi mingi. Nilirudi kwa malori ya maziwa, kwa baiskeli, mara moja kwa miguu kutoka Njoro. Halafu, wakati wa mvua, nikiwa Olenguruone, mwenye lori mmoja alinialika tuvuke Mau hadi upande wa pili, ambako sikuwahi kufika. Ilikuwa Ijumaa. Nilipanda. Usiku tulikwama matopeni, na alfajiri lori lilipotoka nilijisikia nikimwambia dereva anishushe. Hata leo, na nimepita arobaini, na nimeona huo upande wa pili wa Mau na mbali zaidi, sijui niliamua lini.

Nilifika Nakuru Jumapili. Mama alikuwa mlangoni pake, mbwa langoni pake, na katikati ule uwanja ambao hakuna kati yao aliyeuvuka. Mbwa aliinuka akaja. Mama hakunitazama kabisa. Alimsemesha yeye.

"Wewe, mwambie bwana wako jana ilikuwa Jumamosi. Mwambie tulimngoja mpaka taa ikaisha mafuta."