Sabuni ya Ndege Asiye na Kichwa

Wifi yangu mtarajiwa alikuja kunichumbia kwa niaba ya kaka yake, akatapika ndani ya beseni la kunawia mikono kabla hata wali haujafunuliwa.

Na mimi mwenyeji wake nikatapika muda mfupi baadaye, nyuma ya jiko, mpaka nikahisi utumbo unataka kutoka.

Chanzo ni kipande cha sabuni. Msicheke bado.

Naitwa Bahia. Nimezaliwa mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, Madagaska, kwa wazazi wenye asili ya Ngazija. Kiswahili hiki nilijifunzia Unguja nilikokuja kuishi uzeeni. Haya mnayosoma yalisemwa kwa Kimalagasi na Kikomoro, mimi nawageuzia tu.

Mume wangu wa kwanza, Youssoufa, aliuawa kwenye yale machafuko ya Mahajanga, Wakomoro walipochinjwa, mwishoni mwa mwaka sabini na sita. Mwili sikuonyeshwa. Hakuoshwa, hakukafiniwa, na mpaka leo sijui alilazwa wapi. Nikakimbilia kisiwa cha Nosy Be kwa mama mdogo, Hadjira, na nguo nilizovaa mwilini.

Huko nikapata kazi kiwandani, kumenya kamba.

Jamani, kamba ni watamu wakiwa kwenye sahani. Sasa wamenye wewe kutwa nzima. Unanyofoa kichwa, kinakumwagia uji wa rangi ya chungwa. Unachana mgongo, unavuta ule uzi mweusi wa mavi. Maji yake yanaingia kwenye mikwaruzo ya vidole na yanawasha usiku kucha.

Harufu ile haibaki kiwandani. Inakaa chini ya kucha, kwenye nywele, mpaka kwenye mate. Nikitoka kazini paka wa mtaa mzima wananisindikiza. Nikila mkate, kamba. Nikijifuta machozi, kamba. Nilijiona takataka.

Na sabuni hakuna! Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, rafu za maduka tupu. Unapanga foleni toka alfajiri, unarudi na kipande cha rangi ya udongo kinachonuka mafuta ya ng'ombe yaliyochacha. Unaoga, unatoka mchafu kuliko ulivyoingia.

Nikaacha kuchana nywele. Halafu nikaacha kula. Mama mdogo akipakua, naangalia sahani tu, mate yananijaa kwa kichefuchefu. Nguo zikawa zinanining'inia.

Siku moja akanitia kitu mkononi.

"Shika. Nenda kanawe."

Kipande cha sabuni nyeupe, kimeshatumika kidogo. Nikakinusa. Waridi!

"Umepata wapi, mama mdogo?"

"Nimepewa."

Basi. Miaka ile kitu kikipatikana huulizi, maana ukiuliza sana kinapotea.

Nikaenda bombani uani. Nikasugua mpaka povu likajaa viganja, jeupe, jepesi, linateleza kati ya vidole. Nikanusa mikono yangu. Ilikuwa mikono ya mwanamke. Wallahi nilikaa pale chini nikalia kwa raha.

Jioni ile nikala.

Toka hapo ikawa ibada yangu ndogo. Nikatafuta kisahani cha bati chenye ukingo wa buluu, nikakiweka dirishani jua linapoingia. Juu yake sabuni, pembeni ua moja la langilangi. Nikitoka kazini sisalimiani na mtu mpaka ninawe. Halafu nakaa naangalia kisahani changu kama mtu anayeangalia picha ya ukutani. Majirani walisema nimeanza kuchanganyikiwa. Shauri yao.

Kipande kikiisha, baada ya muda mama mdogo analeta kingine. Kuna cha zambarau, kuna cha limau. Ninachokumbuka zaidi ni cha mwisho: nusu ya sabuni kubwa ya ng'ambo, imekatwa kwa kisu, ina ndege amechorwa juu. Ila ndege hana kichwa. Nimebaki na bawa na mkia.

Ile niliitumia kwa ubahili wa kutisha. Ilinukia mpaka nguo za kabatini.

Sasa, mama yangu mdogo alikuwa na kazi moja ambayo mji wetu wa Hell-Ville mzima uliijua. Alikuwa mwosha wa maiti wa kike. Nami nilijua, tena nikimpokea mlangoni akirudi msibani. Lakini kwetu Mahabibo, bibi yangu naye alikuwa mwosha, na chochote kilichobaki baada ya kuosha alikifukia. Nikadhani ndivyo dunia nzima inavyofanya.

Ndipo akatokea Houmadi. Fundi cherehani wa Tsaramandroso, Mahajanga, alikuja Nosy Be kumuuguza mama yake aliyekuwa akiishi kwa binti yake, Fatima. Mama akafariki. Nilikwenda msibani, nikasaidia kupika. Houmadi akaniona hapo, na baada ya arobaini akaniambia hataki kurudi Mahajanga peke yake.

Mnaelewa maana yake kwangu? Kurudi nyumbani. Kuagana na kamba. Nilikuwa tayari kuolewa hata kesho yake.

Fatima akaja na shangazi zake wawili kuleta posa. Nikajipaka usoni msindanu, ile liwa ya kwetu, nikavaa leso mpya. Mama mdogo alipika wali wa nazi na kuku.

"Ya kunawia lete ndimu," akaniambia. "Ndimu tu."

Nikamwona bahili. Wakwe wanawishwe ndimu kama watu wa sokoni? Nikatoa kisahani changu dirishani, na ua langu juu yake, nikakipeleka na birika na beseni. Nilitaka waone kwamba hata mmenya kamba ana kitu kizuri.

"Mbola tsara, wifi," nikamsalimu Fatima, nikaanza kummiminia maji.

Akachukua sabuni. Akasugua. Povu likatoka, akainusa, akatabasamu. Kisha akaigeuza.

Tabasamu likakatika.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimepewa na mama mdogo."

"Bahia..." Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Hii nimeikata mimi!" Fatima akapiga kelele. "Kwa kisu changu! Kichwa cha ndege kiko kwangu bafuni, mkia nilimpa mwosha! Mnatunawisha sabuni ya maiti? Sabuni ya maiti!"

Akairusha uani, akainama, akatapika. Ndani ya beseni langu. Shangazi mmoja akawa anajipangusa mikono ukutani ingawa hakuwa amenawa.

Wakaondoka wanatema mate njia nzima. Kabla ya alasiri hakuna asiyejua.

Nami nikaikumbuka mikono yangu. Uso wangu. Nilikuwa naosha hata meno kwa povu lile! Nikakimbilia nyuma ya jiko.

Nilipomaliza, nikamrudia mama mdogo.

"Zote zilikuwa hivyo?"

"Zote."

"Ile ya zambarau?"

"Mke wa mwalimu."

"Ya limau?"

"Yule bibi wa bandarini. Mungu amrehemu, alikuwa msafi sana."

"Mama mdogo! Bibi alikuwa akizifukia!"

"Bibi yako aliishi wakati sabuni ziko dukani. Huku kinachobaki ni haki ya mwosha. Kutwa unavuta mavi ya kamba, leo kinyaa kinakushika kwa mtu aliyeogeshwa kwa dua?" Akaketi. Sauti ikashuka. "Ulikuwa unakufa, Bahia. Nilikuwa naosha maiti wanene kuliko wewe, na wewe unakonda mbele yangu. Mume wako hakupata wa kumwosha. Wewe sikutaka nikuoshe mapema, ndiyo maana nikazichukua."

Nikachukua beseni langu nikalisuuza. Nilikuwa nimemkasirikia na nilikuwa namwonea huruma.

Kesho yake asubuhi Houmadi akaja. Sabuni bado iko uani, imejaa vumbi, kuku wanaidonoa. Mimi kuigusa siwezi.

Akaiona. Akainama akaiokota, akaipuliza, akaifuta kwa shati lake.

"Ndiyo hii?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Dada ananisimulia toka jana. Sabuni ya maiti, maji ya maiti, uchafu wa maiti. Kwamba maiti huyo ni mama yetu, hajasema hata mara moja." Akaigeuza mkononi. "Nusu yenye kichwa anayo bafuni, anaiogea kila siku. Hiyo kwake si chafu."

Nikaona nisimdanganye.

"Houmadi, hata mimi nilitapika."

Akaniangalia.

"Kwako wewe, hakuwa mama yako."

Akaitia ile sabuni mfukoni, akauliza mama mdogo yuko wapi ili amalize posa mwenyewe.

Tulioana, tukarudi Mahajanga. Fatima hakula nyumbani kwangu mpaka Mungu alipomchukua, na sikumbembeleza. Mtu anayemwonea kinyaa mama yake mzazi, huyo ndiye ninayemwonea kinyaa mimi.

Somo? Msiniambie kwamba kitu kidogo kizuri ni upuuzi wa wasio na shida. Mwenye shida ndiye anayekihitaji. Kikikufikia, kiwe povu, kiwe ua, kiweke dirishani ukiangalie, na majirani waseme.

Mimi mpaka leo nikisikia harufu ya waridi naziba pua. Naogea sabuni ya mche, tena nikiwa nimeifungua mwenyewe. Lakini nawaambia ukweli: bila zile sabuni, mwaka ule ule ningekuwa nimelazwa mimi ubaoni, na mama mdogo ananimwagia maji.