Muuaji Aliyeshindwa Kuchinja Kuku

Siku hizi Tarime kuna ugonjwa, na dawa yake haiuzwi famasi. Mtu mzima mwenye ndevu zake anakusimamisha sokoni akuulize, "Mama, jina lako lina maana gani?" Ukimwambia ni la bibi yako, anakutazama kwa huruma, utadhani umesema nyumbani kwako hakuna choo. Anatoa simu. Anakuonyesha kuwa jina lake yeye ni "zawadi ya Mungu", la mwanawe ni "mshindi", na la yule aliye tumboni, akitoka wa kiume, litakuwa "nuru ya mataifa". Nuru ya mataifa, na balbu ya sebuleni kwake imeungua tangu Pasaka.

Mimi nauza vitenge. Mbele ya kibanda changu wanapita washindi, simba na wafalme wadogo, makundi kwa makundi, na wengi wao wanaendesha bodaboda bila kofia ngumu. Jirani yangu anayeuza viatu ni mtu wa Tanga aliyehamia huku zamani kwa kufuata mke. Jina lake ni la siku ya wiki. Kijana mmoja alipomuuliza maana yake, alimjibu, "Nilizaliwa Ijumaa, baba. Ulitaka nizaliwe lini?" Wajaluo wanaotuletea samaki wanaitwa usiku, mvua, alfajiri, kwa sababu ndivyo hali ilivyokuwa mama zao walipojifungua, na sijamsikia hata mmoja akidai kuwa jina la mvua limemletea mafua. Kwetu Wakurya lipo jina la pombe. Wawili ninaowajua wenye jina hilo ni wazee wa kanisa. Walevi wenyewe wanaitwa Emanueli.

Nasema kwa hasira kwa sababu ugonjwa huo haukuishia sokoni. Ulipanda mpaka Kemambo, ukaingia nyumbani kwa mama mkubwa wangu. Majina ya watu wetu sitayataja hapa, na moja nimelificha kwa makusudi kuliko mengine.

Mama mkubwa huyu ni mjane wa kaka yake baba. Alizaa mabinti, wote wakaolewa wakaenda zao. Mtoto wa kiume hakupata. Baba mkubwa alipofariki, mji wake, maana huku makazi ya mtu na zizi lake tunayaita mji, ulibaki na mwanamke mmoja na mbwa. Kwa mila yetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, analeta msichana awe mkwe wake, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wajukuu wa nyumba ile, wanabeba ukoo wa marehemu. Ndiyo nyumba ntobhu. Wageni wakisikia wanacheka, au wanatuletea semina. Sina muda nao. Mama mkubwa alioa, na mkwe wake akaanza kwa kuzaa wasichana wawili. Bibi yao akawabeba mgongoni kwa mapenzi yote, lakini jicho likabaki njiani. Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zimeshika, akazaliwa mvulana.

Alinipigia simu mwenyewe. Simu huwa anaishika mbali na sikio na kupaza sauti kama anayeita ng'ombe waliovuka mto.

"Njoo. Amekuja."

Hakusema nani, wala mimi sikuuliza. Tangu siku alipooa alikuwa anasubiri jambo moja tu, mtoto wa kiume apewe jina la mumewe, jina hilo lisikike tena katika mji ule. Watu wa rika la baba mkubwa, ambao ndio waliokuwa wakimwita kwa jina, walikuwa wamekwisha kufa wote.

Jina lenyewe, kwa Kikurya, maana yake ni muuaji. Msishtuke. Zamani aliitwa hivyo mtu aliyeua simba aliyekuwa anamaliza ng'ombe wa watu, na mtoto aliyerithi jina alirithi sifa, hakurithi mkuki. Nenda stendi ya Tarime uliite jina hilo kwa nguvu, uone watakavyogeuka: kondakta, mwalimu, mchungaji, na polisi aliyekuja kukamata wauaji. Na baba mkubwa mwenyewe hakuwahi kuua kitu. Wakija wageni, kuku alichinjwa na jirani. Yeye alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya ghala, na kazi hiyo ilikuwa inaisha harufu ya mchuzi ikianza kupanda. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamfuata huko nyuma, anatupa karanga kutoka mfukoni, sote tunajificha pamoja. Nilimpenda sana mtu yule.

Basi siku ya kumpa mtoto jina alikuja mtoto wa kaka yangu. Kaka ni marehemu, kwa hiyo kijana huyu ndiye mwanaume wa karibu zaidi kwa nyumba ile, na neno lake, kwa bahati mbaya, linahesabika. Anafanya kazi upande wa Natta, kwenye kambi ya watalii, anapeleka chai asubuhi kwenye mahema. Kazi nzuri, simdharau kwa hilo. Namdharau kwa kofia. Alisafiri kupitia Mugumu, akapita Nyamongo, katika tope lote lile, na kofia pana ya porini kichwani kana kwamba atakutana na tembo sebuleni kwa bibi yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Vua kofia, umefika kwa watu."

Hakuvua. Alisubiri tunywe uji, wazee wawili wa ukoo wakae vizuri kwenye vigoda vyao na wanawake wa jirani wapange miguu kwenye mkeka, ndipo akatoa simu. Alisema amefanya utafiti. Neno utafiti alilitamka mara mbili, pengine kuna ng'ombe ambaye hakulisikia. Kisha akasoma kwa sauti ya hakimu: jina la babu maana yake ni muuaji, jina huvuta tabia, na mhubiri mmoja wa kwenye simu amethibitisha kwamba majina ya mababu ni kamba za giza.

"Mtoto wa leo hatuwezi kumwita muuaji, Bibi," alimalizia. "Akienda Ulaya je?"

"Anaenda lini?" nikamuuliza.

"Shangazi, naongea kwa mfano."

"Basi mfano wako ukate tiketi. Mtoto atabaki hapa."

Lake alikuwa nalo mfukoni tayari. Kameroni. Ni la mgeni fulani wa kambini aliyemwachia darubini, na kwa utafiti huo huo alituhakikishia kuwa maana yake ni kiongozi wa watu. Mzee mmoja akaguna kwa heshima, akasema, "Kiongozi si mbaya." Nilitamani kumvuta kigoda. Mama mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, anachambua majani kwenye kitambaa cha mtoto ambacho hakikuwa na jani hata moja. Mkwe wake, aliyebeba ile mimba na kuizaa, hakuulizwa na mtu.

Mimi nami nina simu. Kwa mama mkubwa mtandao unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kando ya zizi. Nikainuka na magoti yangu haya, nikakusanya kitenge mkononi, nikapanda. Nilikaa kule juu mpaka nikapata nilichotaka na cha ziada, kisha nikashuka polepole ili nifaidi.

"Kameroni," nikawaambia, "ni jina la ukoo wa Waskoti. Maana yake pua iliyopinda."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Sikumwachia kijana nafasi ya kupumua. Nikamwambia Kalvini ni mwenye upara, Klaudi ni kiwete, na Paulo, mtume mzima, ni mdogo. Abasi, na hili nilishaambiwa na jirani yangu wa viatu, ni aliyekunja uso. Dunia nzima watu wamebeba upara na ukiwete wa mababu zao mpaka maofisini, wanasaini nao, wala hawatetemeki. Ni sisi tu tunaoona aibu kwa simba aliyeuawa kwa haki. "Halafu tazama pua ya mtoto," nikamaliza. "Imenyooka."

Kijana alichukia. "Angalau pua haiui mtu," alisema.

Wazee wakanong'onezana, na yule wa 'kiongozi si mbaya' akatoa uamuzi wa mwoga: majina yote mawili yaitwe kwa desturi, tuone mtoto atakubali lipi. Desturi yenyewe ni nyepesi. Mtoto akilia, anaitiwa majina ya waliotangulia, na atakaponyamaza inajulikana kuwa huyo ndiye aliyerudi. Sasa pua ya Mskoti ilikuwa inapangwa foleni moja na wafu wetu. Lakini mzee alishasema, na mila hiyo hiyo ninayoitetea ilinifunga mdomo.

Mtoto hakutuchelewesha, alilia. Kijana wetu akainama, kivuli cha kofia kikamfunika mtoto uso mzima, akaita, "Kameroni! Kameroni!" kwa lafudhi ile ya kukaribishia wageni. Mtoto akapandisha kilio mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Sikuificha furaha yangu.

Ikafika zamu ya mama mkubwa, maana jina la mwenye mji huitwa na bibi wa nyumba ile. Akapiga magoti mkekani. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akalamba midomo, akafungua tena, ikatoka pumzi tupu. Mtoto analia, sisi tunangoja.

"Mnaona?" kijana akacheka. "Hata Bibi mwenyewe linamshinda."

Niligeuka nimpasulie, nikaishia kumtazama mama mkubwa. Kwa sababu pale ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu maisha yangu yote. Sikuwahi kumsikia mama mkubwa akilitamka jina lile. Wanawake wa kwetu waliolelewa kizamani hawatamki jina la mume, ni utovu wa adabu, na yeye adabu hiyo aliishika mpaka kwa watu baki. Mwalimu wa shule mwenye jina hilo alimwita "yule mrefu". Muuza chumvi alimwita "yule wa chumvi". Mimi na ujanja wangu wote nilidhani anasahau.

Mkwe wake akamchukua mtoto, akampa ziwa, na kilio kikakatika. Hakuna aliyesema kimekatika kwa jina la nani. Mama mkubwa akabaki pale pale kwa magoti, akazungumza akimtazama mtoto.

"Nilikuwa namwita 'wewe'. Mbele ya watu nilimwita mwenye mji. Siku anakufa nilimwita hivyo hivyo, 'wewe, wewe', hakugeuka. Mpaka leo najiuliza, ningemwita jina lake, labda angegeuka."

Kijana alivua kofia, nadhani kwa joto.

"Kwa mtoto hakuna mwiko," akaendelea. "Mtoto naweza kumwita. Ndiyo maana nilimtaka."

Kisha akaliita. Mara ya kwanza lilitoka dogo, la kuonja. Mara ya pili likawa na mwili. Halafu akainuka, akasimama mlangoni, akaliita kwa ile sauti yake ya ng'ombe waliovuka mto, kuelekea zizini, kuelekea nyuma ya ghala kwenye maficho ya yule muuaji wetu wa karanga. Mimi, mwenye mdomo uliomaliza soko zima la Tarime, nilijifunika uso kwa kitenge nikalia. Yeye hakulia. Aliita tena, akatulia kidogo kama anayesikiliza, akaita tena.

"Mama," mkwe wake akamwambia taratibu, "mtoto amelala."

"Najua," akasema mama mkubwa. "Simwiti yeye."