Nilivyozimisha Mashine ya Mpunga Rujewa

Jamani, uso wangu bado umenishuka. Ofisini kwetu Uyole intaneti yote hupitia proksi, yaani kompyuta moja inayokaa kama mlinzi wa getini. Git, programu tunayotumia kuvuta matoleo mapya ya kazi zetu, ilikuwa inagoma, nikaipangia ipitie hapo na si kwingine. Ikakubali. Nikajiona fundi.

Juzi nikatumwa Rujewa kuweka toleo jipya la programu ya kupokelea mpunga mashineni. Nikawasha intaneti ya simu, Git ikagoma. "Mtandao wenu mbovu," nikamwambia mwenyekiti wa ushirika. Akaniazima simu yake, ikagoma. Tukapanda juu ya lundo la pumba, mzee wa watu kanishikia kompyuta, bado ikagoma. Ndipo nikatangaza, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, kwamba mota ya mashine inavuruga mawimbi. Wakaizima. Akina mama waliokuwa kwenye foleni na viroba vyao wakakaa chini juani, na hakuna aliyenilalamikia. Hilo ndilo linaloniuma.

Nikampigia Neema, mwenzangu wa ofisini, nikaweka spika ili wote wasikie mtandao wao ukisemwa.

"Kaka," akacheka, "ile proksi ya ofisi uliitoa kwenye Git? Huko Rujewa itaipata wapi? Mtandao hauna kosa."

Pumba zilikuwa zimenijaa mpaka kwenye soksi.

Mwenyekiti akanitazama kwa upole. "Kwa hiyo, mtaalamu, tuwashe mashine?"