Vita Ambavyo Havimo Kwenye Kadi

Unisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la sita katika kambi ya wakimbizi, na kalamu yangu hutembea polepole. Mimi si mzee bado, lakini kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, na nyinyi mnaotufuata huku Houston, popote mlikotoka, nawaita wanangu. Kusema mbele ya watu kunanishinda, ndiyo maana naandika.

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nikikunja mashuka katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kufua. Tulikuwa wawili, mimi na Luz, mama wa Kifilipino aliyefika Texas miaka mingi kabla yetu. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, kwa hiyo ilitubidi kutazamana siku nzima, na kwa mtu mwenye haya hiyo ni kazi juu ya kazi.

Mama yangu alikuwa amebakiza wiki sita aitwe kwenye mahojiano ya uraia. Luz alikwisha kuyapita yake. Akajitolea kuja kwetu kila Jumamosi amsikilize Mama akijibu maswali juu ya Marekani ya kwenye kadi za kujifunzia, bure. Neno hilo bure lilinikaa vibaya. Kambini, mtu aliyekuja kwa upole kukuuliza umekimbia vita gani alikuwa na karatasi mfukoni ya kuandikia majina. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Luz aliponiuliza kwetu ni wapi, nilimwambia Kigoma. Uongo mtupu; kwetu ni Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Alikuja Jumamosi mbili, na Mama akampenda. Alasiri ile tukikunja, akanijaribu na mimi: taja vita vimoja ambavyo Marekani ilipigana katika miaka ya elfu moja mia nane.

"Vita na Spania," nikajibu.

"Na baada ya Spania?"

"Kadi haisemi."

"Haisemi," akasema Luz. "Wamarekani walikuja kwetu Ufilipino wakisema wanatuondolea Mspania. Mspania akaondoka, wao wakabaki. Babu wa bibi yangu alipigana nao. Baadaye wakatujengea shule, na ndani ya shule hizo vita hivyo havikutajwa sana."

"Kwa hiyo unawachukia?"

Akacheka. "Mimi ni raia wao. Vuta kona yako, shuka linaburuzika."

Mimi nikaona mtego. Ama anataka niitukane Marekani apate la kunisemea, ama anataka Mama ataje vita visivyomo kwenye kadi aanguke. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Basi mimi ambaye siwezi hata kuomba chumvi mezani, siku hiyo nikapata mdomo. Nikaenda kwa msimamizi, nikasema Luz anaisema serikali vibaya na anawafundisha hivyo watu wanaotafuta uraia.

Luz aliitwa. Aliporudi akashika kona yake, tukaendelea kukunja. Kesho yake alihamishiwa jikoni, jengo la pili. Jumamosi hakuja. Mama alikaa mezani na kadi zake, chai ya mgeni ikapoa.

"Labda anaumwa," akasema Mama.

Bibi yangu, tunayeishi naye, hakuitazama chai. Alinitazama mimi. Kwa kawaida Bibi huniita mume wangu, kwa utani. Siku hiyo aliniita kwa jina langu.

"Umemfanya nini yule mama?"

Nikamweleza yote, nikidhani atanisifu kwa kuilinda nyumba.

"Unajua kwa nini tulitoka Uvira?" akauliza.

"Askari walikuja, Bibi."

"Askari hawakuujua mlango wetu. Jina la babu yako lilipelekwa na jirani. Hakuwa mtu mbaya yule jirani, alikuwa mwoga. Kama wewe. Na hayo aliyokuambia Luz mimi siyashangai. Kwetu Wabelgiji walikuja wakisema wanamwondoa Mwarabu aliyekuwa akiuza watu. Mwarabu akaondoka, wazee wetu wakasukumwa msituni kwa fimbo kugema mpira. Shuku, sikukatazi. Lakini mshuku mwenye bunduki. Yule mama ana shuka tu."

Jumatatu nilikwenda jikoni. Nilimkuta Luz akimenya viazi, nikasimama kando yake.

"Ni mimi niliyekusemea," nikamwambia mwishowe.

"Najua," Luz akajibu, akiendelea kumenya viazi. "Shuka lile halikuwa na mtu wa tatu."

"Na kwetu si Kigoma."

"Ni Uvira. Mama yako aliniambia siku ya kwanza. Mwambie Jumamosi nitakuja."

Akaja. Lakini kwenye kufua hakurudishwa tena, mwanangu. Yuko na masufuria mazito mpaka leo, mgongo unamsumbua, na kila nikimwona anajinyoosha najua maumivu yale yametoka kinywani mwangu.

Siku ya mahojiano, afisa alimwuliza Mama swali la vita. Mama akasema, vita na Spania, akafunga mdomo. Akapita. Nje, Luz alikuwa ndani ya gari akitungoja. Mama akamshika mkono.

"Dada, nisamehe. Vita vyenu sikuvitaja."

"Najua," akasema Luz. "Mimi pia siku yangu sikuvitaja."

Basi sikia, mwanangu. Kadi uijibu inavyotaka, upite, lakini usidhani imesema yote. Mtu akikwambia amekuja kukukomboa, mtazame miguu: akishamaliza, anaaga au anavua viatu? Usimwulize yeye alifanya nini. Waulize aliowakomboa. Na woga ukikushika juu ya mtu aliye kama wewe, mwulize mwenyewe usoni, hata kama haya inakuua. Usilipeleke jina lake ofisini. Maji yakimwagika hayazoleki, na jina la mtu ni hivyo hivyo.

Mungu akupe jicho la kuuona mtego, na moyo wa kumtambua asiyeutega. Niandikie, hata kwa herufi mbaya kama zangu. Niambie ni vita gani vya kwenu ambavyo hukuviona kwenye kadi. Nasoma polepole, lakini nitasoma mpaka mwisho.