Farasi wa Marehemu na Ng'ombe wa Matanga

Habari ilinifikia nikiwa kwa kinyozi mjini Migori, nusu ya kichwa imeshanyolewa. "Mwalimu ametuacha," alisema msichana kwenye simu, kisha nikasikia kilio tu. Sikuuliza mwalimu gani. Pale Sindo alikuwako mwanamke mmoja aliyeitwa Mwalimu bila chaki wala darasa, kwa sababu alifundisha vijana kupanda farasi wa mashindano. Farasi, msomaji wangu, usisugue macho. Baba yake alikuwa mtunzaji kwenye mazizi ya farasi wa mbio karibu na Nairobi; binti alipanda kabla hajajua kusoma, akapanda hadi akaota mvi. Alistaafu akarudi nyumbani na farasi jike mmoja wa kahawia, mpole, mrefu. Majirani wakamwita bibi wa punda mkubwa. Yeye akacheka, akafyeka kichaka nyuma ya nyumba, akapanga magogo ya kuruka, akaanza kazi. Kinyozi aliniuliza kama aendelee. Nilimwambia amalize tu.

Mwanafunzi wake hodari alikuwa huyohuyo aliyenipigia simu, msichana wa Kegonga aliyekuwa akiishi Sindo kwa shangazi yake. Katika mashindano yao ya kwanza ilimpasa mpandaji asimame mbele ya jaji, ainamishe kichwa akiwa juu ya farasi, ndipo aanze. Jaji alikuwa mama mzee. Binti alipomwona alishuka chini, akashika hatamu kwapani, akapiga goti na kumpa mikono miwili: "Habari ya asubuhi, mama." Ukishuka umetoka. Wakamtoa palepale, watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Njia nzima ya kurudi alilia. "Mwalimu, kwetu mtu hawezi salimia mzee akiwa juu ya kitu," alisema. "Najua, nyathina," Mwalimu akamjibu, kwa maana ya mwanangu. "Na ukifika kwenu ushuke vilevile. Lakini pale uwanjani jaji si nyanya yako." Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Mwalimu alijifunga leso, akajikunja juu ya fimbo katikati ya uwanja na kujifanya ajuza, ili binti azoee kumwinamia akiwa juu bila kuona haya. Nilishuhudia mwenyewe. Wapita njia walisikitika wakisema huyu mama anaharibu watoto wa watu. Mimi nilicheka mpaka nikatokwa na machozi.

Alipokufa, mashindano mengine yalikuwa yamekaribia. Safari hii atakayeshinda angechukuliwa kwenye mazizi makubwa, afanye kazi huku akisomeshwa, na Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kusifia ovyo, alikuwa ameniambia, "Huyu anashinda." Nilidhani kumwachia binti yule farasi hakuhitaji mjadala. Kumbe! Kamati ya matanga ilipoketi, kaka mkubwa wa marehemu alikohoa, akasema, "Hiyo farasi tunauza. Watu watakula nini?" Nikasema, jamani, mngoje mashindano yapite. Mmoja akanijibu kwamba mtu mkubwa hawezi kuzikwa kama kuku. Binti alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Sijui alipata wapi ujasiri. "Mzee, na mashindano?" Kaka akamtazama bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. "Mashindano gani, nyathina? Mwenye mashindano si amekufa?"

Basi farasi akapakiwa kwenye lori. Tukala ng'ombe. Tukakodi mahema, na vipaza sauti vya kuamsha kisiwa kizima cha Mfangano, na jeneza jeupe lenye kioo. Wanasiasa ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wake walishika kipaza sauti wakamsifu kwa kuinua vijana, na vijana wenyewe walikuwa jikoni wakiosha sufuria. Simlaumu kaka peke yake. Angezika kimyakimya, sisi sisi tungemsema kuanzia Sindo hadi Isebania kwamba amemtupa dada yake. Yawa, jamani, tumekuwa watu gani? Nimezika fundi viatu, mashine yake ikauzwa. Nimezika mama mwenye miche, kitalu kikaliwa na mbuzi wa waombolezaji. Tunalia kwa dhati, naapa, halafu tunakula kazi ya marehemu mpaka mfupa. Zamani nilikuwa na matumaini kwamba tutabadilika. Siku hizi, nikisema kweli, sina.

Jumamosi ya mashindano nilikuwa Homa Bay kwa shughuli zangu. Huko ufukweni yule aliyemnunua farasi huwapandisha watoto na kuwapiga picha. Nilimwona mnyama akiwa na maua ya plastiki shingoni. Katika foleni, nyuma ya watoto wenye aiskrimu, alisimama msichana wa Kegonga. Sikumwita. Zamu yake ilipofika alipanda polepole, na yule bwana akashika kamba, akamwambia kwa upole, "Usiogope, dada. Shikilia hapa mbele, hautaanguka." Akashikilia alipoonyeshwa. Akazungushwa kwa kamba kama wenzake, akashushwa, akampisha mtoto aliyefuata.

Msomaji, kama una kazi unayoipenda, taja leo, mbele ya mashahidi, nani ataishika ukiondoka. Wakiitikia kwa kichwa tu, rudia. Wakikasirika kwamba unajitabiria kifo, waache wakasirike. Mwalimu alidhani upendo wetu unatosha, na kweli tulimpenda, tukamzika vizuri sana.