Nilivyoliangusha Duka la Kaka Yangu Magomeni

Bwana mhariri wa ukurasa huu, shikamoo, na asante kwa kunisitiri jina. Wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba. Naishi Magomeni na mume wangu wa pili, dereva wa lori, na tuna mtoto wa kiume wa miaka miwili. Kwa mume wa kwanza nilizaa binti, nitamwita Mwanaidi ingawa si jina lake. Tulipoachana, baba yake alimchukua akamweka kwa bibi yake mzaa baba, mtaa wa Gerezani karibu na Kariakoo. Sasa ana miaka saba. Mume wangu wa sasa aliponioa alinipa sharti moja, kwamba asije akasikia nimekanyaga nyumba ile. Nikakubali. Nilikuwa mjinga, nilidhani na moyo utakubali.

Nilichobaki nacho ni safari ya sokoni. Mara mbili kwa wiki namwambia mume wangu naenda Kariakoo, naye hana neno, maana huku kwetu palikuwa hapana duka la maana, ni magenge tu ya nyanya na mkaa. Nanunua haraka haraka, halafu nakata kwenda Gerezani. Bibi yake Mwanaidi ni mtu mwema, ananifungulia mlango wa uani. Namsuka mwanangu, namsikiliza maneno yake ya chuo cha Kurani, naondoka.

Mwaka juzi wakubwa wa mji walitaka kupajenga upya pale katikati ya mtaa wetu, vibanda vivunjwe, isimame safu ya maduka ya saruji. Kabla ya kujenga walimtuma karani, kijana wa Kichaga mwenye adabu zake, apite nyumba kwa nyumba na karatasi, aulize nani ananunua nini na wapi. Kwetu aliwakuta mume wangu na kaka yangu wamekaa barazani.

"Mama," akaniuliza, "yakijengwa maduka hapa, utanunua hapa au utaendelea kwenda Kariakoo?"

Mume ananitazama, kaka ananitazama. Ningesema nini? "Nitanunua hapa hapa, baba. Kariakoo mbali, miguu inaniuma." Akaandika.

Jioni bombani tulicheka sana. Kumbe wanawake wote tumejibu vile vile! Jirani yangu akasema, "Mgeni kaja mpaka mlangoni, kakaa kwenye mkeka wako, umwambie hapana? Si utovu wa adabu huo?" Huyo Kariakoo ndiko anakomwona mama yake. Mwingine ana chama chake cha ngoma ya lelemama huko. Kwa wengi wetu, kwenda Kariakoo ndiyo ruhusa pekee ya kutoka nyumbani, lakini karani hakuuliza hilo na sisi hatukulisema.

Kaka yangu, tumbo moja baba mmoja, alikuwa na meza ya mchele na maharage sokoni Kariakoo miaka tisa. Aliposikia Magomeni nzima imesema itanunua nyumbani, aliiachia meza akachukua duka moja jipya. Ukishaachia meza Kariakoo, kesho yake ina mwenyewe. Siku ya kufungua alipaka milango rangi ya kijani, akanipimia pishi ya mchele, akasema, "Mteja wangu wa kwanza ni wewe, mdogo wangu." Nikampigia vigelegele, na roho inaniuma.

Iliniuma kwa sababu mume wangu alikuwa ameshaniambia asubuhi ile, "Haya, sasa Kariakoo basi." Nikamwona Mwanaidi ananiponyoka. Ndipo nikafanya jambo ambalo hata kuliandika naona haya. Niliokota vijiwe uani, nikavitia mwenyewe kwenye sufuria ya wali. Mume wangu akavitafuna, akatema. Nikamwambia mchele wa kaka ndivyo ulivyo, una mawe. Akasema, "Basi nenda Kariakoo."

Mume wangu alilisema barazani, na wanawake wenzangu, waliokuwa wanatafuta sababu kwa tochi, wakaidaka. Kila mume mtaani akaambiwa mchele wa duka lile una mawe. Kaka akawa anakaa mlangoni kutwa akitupigia hodi kwa macho tunavyopita na makapu yetu.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani. Amekonda. Nikamkaribisha, hakukaa.

"Mdogo wangu, mchele ule tumeupeta kwa mikono yetu, mimi na wifi yako, gunia zima. Hatukuona jiwe. Wewe uliliona wapi?"

Nikainuka kumletea maji.

"Njoo useme mbele ya mumeo na majirani, ni kweli au si kweli. Watu wakirudi, nitajikongoja. Wasiporudi, mwezi ukiisha narudisha ufunguo."

Akaondoka bila kunywa hata maji. Nililia mpaka mtoto naye akaanza kulia.

Nikisema kweli, mume wangu ataniuliza kwa nini nilifanya vile, na jibu liko Gerezani. Namjua, ataniacha, na huyu mdogo atachukuliwa kama dada yake alivyochukuliwa. Mwanaidi naye sijui kama bibi yake atathubutu tena kunifungulia, maneno yakishafika kwa mwanawe. Nikinyamaza, kaka yangu ana watoto watano, duka hana na meza hana, na hakunikosea lolote ila kuniamini.

Juzi nilikwenda tena. Nikiwa namsuka, Mwanaidi akaniuliza, "Mama, siku ambayo huna cha kununua, hutakuja?" Nikammalizia msuko, nikachukua kapu langu.

Niliishia darasa la nne, mnisamehe mwandiko. Najua nimekosa, matusi nimeshajitukana mwenyewe. Ninyi mnaonisoma, hasa akina mama mliowahi kuachwa mkaacha mtoto nyuma, nipeni akili kabla mwezi haujaisha. Katika hawa watatu, Mwanaidi, mdogo wake na kaka yangu, nimpoteze nani?