Kisanduku cha Kwanza Kwenye Fomu ya Wachuka

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne, na kompyuta zote kumi katika darasa la Everline Nabalayo bado zimefunikwa vitambaa vya maua. Wanafunzi kumi na wanne wameinamia karatasi za manila. Wanachora kwa penseli, wanafuta, wanachora tena.

"Madam, si tuwashe tu?" anauliza Khisa, kijana wa mstari wa mbele.

"Uwashe umwonyeshe nani?"

"Watu."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Khisa anacheka, anajikuna kichwa, anairudia karatasi yake.

Nabalayo, mwenye umri wa miaka 34, anafundisha utengenezaji wa tovuti katika chuo kidogo kilicho juu ya duka la vipuri mjini Nakuru. Duka na chuo vyote ni mali ya Bwana Jasbir. Kila muhula mwanafunzi hubuni mradi wake, na kabla ya kugusa kompyuta ni lazima amtaje mtu mmoja atakayeutumia: anaishi wapi, ana shida gani, ana haraka kiasi gani.

Muhula huu ulipoanza, wanafunzi wanane walileta wazo lile lile, tovuti ya flamingo wa Ziwa Nakuru. Wanane, jamani!

"Niliwauliza, sasa huyo flamingo atabonyeza wapi?" Nabalayo anasema, akicheka hadi anapangusa macho. "Wazo likikujia haraka hivyo, ujue jirani yako pia analo. Liweke kando, uchimbe."

Aliyechimba ni Wachuka, binti wa miaka 21 kutoka Bahati, nje kidogo ya mji. Wazo lake ni tovuti ya nyumba za kupanga. Mwenye nyumba anatangaza iliyo wazi, mpangaji anajaza fomu, kisha wanapigiana simu. Katika mwaka huu wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi na watu wengi kuhama mitaa yao bila kupenda, hakuna aliyehitaji kuelezwa umuhimu wake. Na mtu wake mmoja alikuwa naye tayari, mamake mzazi. Mama huyo ana nyumba nne za kupangisha huko Bahati, na mbili ni tupu tangu Januari.

Leo karatasi ya Wachuka inajaribiwa. Katika darasa hili mwanafunzi hutandaza michoro yake mezani, naye mwalimu huketi kama mteja na kubonyeza kwa kidole. Nabalayo anagusa palipoandikwa "Natafuta nyumba". Wachuka anavuta haraka karatasi ya pili, ambayo ndiyo fomu. Kisanduku cha kwanza kinasema: Jina kamili.

Nabalayo anachukua penseli. Haandiki.

Chini dukani mtu anagonga chuma.

"Madam, ni jina tu," Wachuka anasema.

"Naona ni jina."

"Lakini kila fomu huanza na jina."

"Kweli. Na mimi nimeishia hapo."

Anaiweka penseli chini. Bila ukali wowote, anamwambia Wachuka aende akamuulize mtu wake mmoja swali moja tu. Hicho kisanduku ni cha nini?

Wanafunzi hawakuambiwa zaidi. Mwandishi huyu aliambiwa baadaye, wakati wa chai.

Nabalayo alizaliwa hapa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako babake aliletwa na kazi kutoka Webuye, magharibi mwa nchi. Januari alifukuzwa kwenye nyumba aliyokuwa amepanga kwa miaka sita, katika mtaa anaoomba tusiutaje. Alitoka na watoto wawili, sufuria moja na sanduku la vitabu. Watoto aliwapeleka Webuye kwa nyanya yao. Yeye alirudi kazini, kwenye mshahara wa shilingi 11,000, na mpaka leo analala sebuleni kwa mwenzake wa kanisani.

"Nimepigia watu kumi na mmoja simu," anasema. "Tunaongea vizuri, tunacheka. Kisha wananiuliza, kwani unaitwa nani? Nikisema, wanasikia kabila, sauti inabadilika. 'Ai, pole, imechukuliwa asubuhi.' Kumi na mmoja! Nyumba gani hizo zote zinachukuliwa asubuhi?"

Shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Hataki watoto wake waanze muhula mwingine mbali naye. Mdogo, anasema, sasa akiongea kwenye simu humwita "auntie". Anaposema hivyo anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo, na mtu anakosa pa kuweka macho.

Alhamisi, Wachuka anarudi na karatasi mpya. Anasimama mbele ya wenzake, ameinamisha kichwa.

"Nilimuuliza mathe," anaanza. "Akaniambia, 'Hicho ni cha kuchagua watu.' Akasema mwezi wa tatu kuna mtu alipiga simu, sauti nzuri, heshima yake yote. Mathe kusikia jina, akamwambia nyumba imechukuliwa. Na haikuwa imechukuliwa. Hadi leo iko tupu. Mathe alisema aliogopa majirani."

Wachuka anatandaza fomu. Sasa inaanza kwa kuuliza mtu anataka vyumba vingapi, ana watoto wangapi, atahamia lini. Mwenye nyumba naye ni lazima aseme kodi, maji na umeme. Jina halipo kabisa. Chini kuna sentensi moja kwa mwandiko wa Wachuka: "Mtajuana mkionana."

Nabalayo anaipitia kwa kidole hadi mwisho, na safari hii kidole hakisimami popote.

"Sasa una mradi," anasema. "Washa kompyuta."

Mchana huo anashuka dukani na fomu ya alama za michoro. Wachuka amepata 41 kwa 50. Anamtaka Bwana Jasbir aitie sahihi papo hapo.

"Haraka ya nini, madam?" anauliza Bwana Jasbir, kalamu mkononi.

"Nataka kupigia mamake simu kuhusu nyumba yake iliyo tupu. Sitaki kesho mtu aseme nilinunua nyumba kwa alama."

Bwana Jasbir anatia sahihi na kuifungia karatasi ile kwenye droo yake. Hapo ndipo Nabalayo anapiga simu. Mama wa Wachuka anamuuliza kazi yake, idadi ya watoto na siku ya kuhamia. Hamuulizi jina. Wanaagana waonane Jumamosi.

Je, hiyo si raha? Nilidhani angefurahi. Lakini Ijumaa nilimkuta amenuna.

"Sitaki kuingia kwa mtu kama nimejificha," alisema. "Fomu imenifikisha mlangoni, shukrani. Hapo mlangoni nitalisema jina langu mwenyewe. Kama ni kufunga, afunge akiniangalia."

Jumamosi saa nne asubuhi tuko Bahati. Nabalayo amevaa viatu vya kanisani. Mama wa Wachuka anatufungulia lango, funguo amezifunga kwenye pindo la leso.

"Kabla sijaingia," Nabalayo anasema. "Naitwa Everline Nabalayo. Kwetu ni Webuye, lakini nimezaliwa hapa Nakuru. Nimekuja kuona nyumba."

"Najua," anajibu mama huyo. "Ulivyosema kwa simu unafundisha mjini, nikajua ni yule mwalimu wa Wachuka. Nikanyamaza. Nikasema, wacha nione kama atakuja."

Kuku anapita katikati yao.

"Na majirani je?" Nabalayo anauliza.

"Watasema. Wakichoka kusema, watanyamaza. Nyumba ni yangu." Anafungua fundo la leso. "Ile ya mwezi wa tatu sijaisahau, mwalimu. Imenikaa hapa." Anagusa kifua.

Nyumba ina vyumba viwili, sakafu ya saruji na dirisha linaloangalia shamba la kabichi. Kodi ni shilingi 2,500. Umeme hupotea mara kwa mara, lakini tangi la maji limejaa. Nabalayo anapima ukuta kwa shubiri, akionyesha palipo na nafasi ya kitanda cha watoto. Anapima tena, ingawa kipimo ni kile kile. Alhamisi atapanda gari kwenda Webuye kuwachukua.

Mama wa Wachuka amesimama mlangoni akimwangalia.

"Na hao watoto," anauliza, "wanaitwaje?"

Nabalayo anageuka. Mkono wake bado uko ukutani.

"Travis na Shantel."

"Travis na Shantel," mama anarudia polepole, asije akakosea. "Basi Alhamisi nitaweka maji ya moto. Kutoka Webuye ni mbali, watafika na vumbi."